Mtoto Asiye na Kilo

Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro dakika tano, watu wanne waliingia kwenye lifti ya jengo la kamusi na kengele ya uzito ikalia. Bwana C, aliyekuwa ameingia mwisho, aligeuza shingo akamwona Bi Kadi kwenye kona, mkoba kifuani. Akatoka bila kuambiwa.

"Sikukuona, Bi Kadi. Acha nipande ngazi."

Lifti ile ilichukua watu wanne bila shida, ila wenzake walikuwa wameshazoea kumhesabu Bi Kadi kama mtu mmoja na mtoto. Hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kukalia kikao. Mwenyewe alikuwa mwembamba, na magauni aliyoshonesha miaka saba nyuma bado yalimkaa kama jana. Kilo zilizozidi hazikuwa za mwili wake. Mizani ya duka la dawa pale kona ilikuwa imemwonyesha hivyo mara nyingi, na muuza dawa alikuwa ameacha kumshauri apunguze mafuta.

Walimwita Bi Kadi kwa sababu ya kazi yake. Kila neno la Kiingereza lililoingia kwenye kamusi mpya lilipita kwanza mikononi mwake likiwa kwenye kadi, na yeye ndiye aliyezipanga kadi hizo na kuamua Kiswahili chake. Bwana C naye alikuwa na mwaka wa tisa kwenye herufi C, na alipenda kusema kwamba atazikwa kabla hajafika kwenye "cut".

Asubuhi hiyo Bi Kadi alikuta mezani kwake sanduku lenye kadi mia nne na kumi na mbili, zote za kitenzi kimoja, "bear". Juu ya kifuniko mtu alikuwa amechora dubu aliyevaa tai, kwa kuwa dubu naye kwa Kiingereza huandikwa hivyohivyo. Kikaratasi cha Mhariri Mkuu kilisema: *Hiki ni chako mpaka mwisho wa mwezi.*

Kazi ya kitenzi kama hicho ni kukipanga: maana ipi itangulie, ipi ifuate, ipi ni mtoto wa ipi. Bi Kadi alianza kuzitandaza. Nguzo iliyobeba paa. Mti uliozaa matunda. Barua yenye sahihi ya waziri. Mtu asiyeweza kuvumilia kelele. Shahidi aliyetoa ushahidi. Mwanamke aliyezaa wana watano. Wote hao Mwingereza aliwaandikia neno moja.

"Hawa watu wana ubahili," Bwana C alisema, akipuliza chai yake. "Kitenzi kimoja wanakitumikisha kazi ya watu watatu. Kibebe, kizae, kivumilie."

"Labda kwao ni kazi moja."

"Kwako wewe, kuzaa mtoto na kumbeba ni kitu kimoja?"

"Nitakwambia mwisho wa mwezi," Bi Kadi akajibu, akazirudisha kadi kwenye sanduku.

Jambo lenyewe lilikuwa limeanza miaka saba kabla, jikoni kwake. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, alikuwa katika mwaka wa kumi na moja wa ndoa bila mtoto. Mama mkwe wake alikuwa ameacha kumwita mkwe. Sasa alimwita "mgeni wetu". Bi Kadi, kwa upande wake, alikuwa na mimba ya miezi mitatu ya mpima ardhi mmoja aliyekuwa amehamia nchi nyingine pamoja na namba yake ya simu. Hakuwa amelia sana. Alikuwa ameshaanza kutafuta kitanda cha mtoto.

Kitinda alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, akashika miguu ya dada yake.

"Dada, nizalie."

Ni neno dogo, halifiki hata nusu ya mstari. Kwa Kiingereza lingehitaji sentensi nzima, yenye mtu wa kutenda na mtu wa kutendewa, na pengine Bi Kadi angepata nafasi ya kufikiri. Lakini alilisikia kwa Kiswahili, kutoka kwa mtoto aliyembeba mgongoni yeye mwenyewe akiwa na miaka minane, akamwinua.

Walipatana mambo matatu. Mtoto atamwita Bi Kadi mama mkubwa, na atakuja kwake kila Jumamosi. Akianza darasa la kwanza ataambiwa nani alimzaa. Na cheti cha kuzaliwa kitabeba jina la Bi Kadi, kisha Kitinda na mumewe wapewe malezi mahakamani, kwa amani, mchana kweupe. Kitinda aliapa kwa kaburi la mama yao. Tangu siku ya pili alianza kufunga mto tumboni, mto ambao kila mwezi aliuongezea pamba, na mama mkwe akarudi kumwita mkwe.

Uchungu ulipokuja, shemeji aliendesha gari. Pale mapokezi, Kitinda alifungua pochi yake kabla Bi Kadi hajafungua ya kwake.

"Tumia kadi yangu ya bima, dada. Yako haina wodi ya uzazi. Kadi ni kadi tu."

Bi Kadi alijua kwamba kadi si kadi tu. Ndiyo kazi iliyompa jina. Lakini mgongo ulikuwa unapasuka, akaitikia.

Alizaliwa msichana, kilo tatu na robo, akapimwa mguu wake ukiwa bado umegusa mkono wa mama yake. Siku ya sita, kwenye maegesho ya hospitali, Bi Kadi alimkabidhi. Kitinda alimpokea, akashangilia, "Jamani, mwepesi kama kitambaa!" akidhani ni furaha inayompa nguvu. Bi Kadi alishusha mikono. Uzito haukushuka. Alipanda basi akiwa na kilo tatu na robo zisizoonekana, akazifikisha nyumbani, akalala nazo.

Tangu hapo mtoto alikulia kwa Kitinda na kilo zake zikakulia kwa Bi Kadi. Mwaka wa kwanza zilikuwa tisa, mwaka wa pili kumi na mbili. Jumamosi za mwaka wa kwanza zilikuwa ishirini, za mwaka wa pili nne, kisha zikawa simu tu.

"Nivumilie kidogo, dada, mama mkwe yupo."

"Nivumilie, tunahama."

"Nivumilie, mtoto ameanza kushika maneno. Atachanganyikiwa."

Mahali walipohamia hakuambiwa. Picha hakutumiwa. Aliyoyajua kuhusu mwanawe aliyajua kwa magoti na mabega. Alijua wiki aliyoachishwa maziwa ya chupa. Alijua likizo ambayo walimlisha vizuri. Safari moja, katikati ya juma, alihisi amepungukiwa kilo mbili kwa siku tatu, akashika simu ya ofisi akampigia Kitinda.

"Mtoto anaumwa?"

"Nani kakwambia?"

"Mpe maji, kidogo kidogo. Chakula usimlazimishe."

"Ni surua," Kitinda akasema, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya mtoto wa mgongoni. "Dada, naogopa."

"Yatapita."

Yalipita. Kilo zilirudi moja moja, na Bi Kadi alizipokea kila asubuhi kwenye ngazi za nyumba yake. Kitinda hakupiga simu kusema mtoto amepona.

Kule kwa Kitinda mambo yalipangwa kimyakimya. Madirisha ya upande wa upepo hayakufunguliwa. Usiku mtoto alifungwa kiunoni kwa mkanda wa gauni, ncha ya pili ikafungwa kwenye mguu wa kitanda. Fundi viatu aliyeombwa soli za chuma aliuliza namba ya mguu tu. Wageni wakishangaa namna anavyonyanyuliwa kwa kidole, shemeji aliwajibu kwa utulivu, "Ndivyo alivyo. Wepesi huo ametoa kwa mama yake."

Wiki ya tatu ya mwezi, Bi Kadi alifika kwenye kadi zilizomkalisha siku nzima. Kitenzi hiki, kikiwa katika hali timilifu au ya kutendwa, kina umbo lenye herufi e mwishoni na umbo lisilo nayo. Mwanamke akitajwa kuwa ndiye aliyezaa, e inakuwepo, "borne". Mtoto akitajwa peke yake, kwamba alizaliwa tu, mahali fulani, tarehe fulani, e inaondoka, "born". Bi Kadi aliandika maelezo kwa kalamu ya risasi: *umbo hili hutumika pale ambapo aliyezaa hatajwi.* Akasoma tena. Yalikuwa sahihi.

Alikuwa bado ameshika kadi hiyo Kitinda alipobisha hodi.

Miaka minne hawakuonana. Kitinda alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, amevaa viatu vizuri, na mkononi ana faili la plastiki. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alisema mtoto anatakiwa kuanza darasa la kwanza, shule inataka fomu ya afya, na fomu inataka uzito. Walikuwa wamekwenda zahanati mara mbili. Mizani ilisoma sifuri. Muuguzi alikataa kuandika sifuri.

"Amesema kesi kama hizi wanazipata mbili tatu kwa mwaka. Amesema kilo za mtoto ziko kwa mtu mwingine, na mtu huyo aje amshike mkono wakati wa kupima. Basi. Dakika mbili tu, dada."

"Hebu cheti chake."

"Cha nini?"

"Fomu ya shule haiendi bila cheti cha kuzaliwa. Kimo humo."

Kitinda alisita, kisha akatoa. Kilikuwa cheti safi, chenye nembo na muhuri. Jina la mtoto. Jina la baba, ambalo ni la shemeji. Jina la mama, herufi zote zikiwa mahali pake bila kosa hata moja: la Kitinda. Bi Kadi alisoma tarehe, kwa sababu kusoma tarehe ni mazoea ya kazi.

"Umeandikisha siku ya pili," akasema. "Siku ya pili mimi nilikuwa bado wodini. Nilikuwa namnyonyesha."

"Hospitali ndiyo ilijaza. Walitazama kadi ya bima."

"Ulijua watatazama kadi."

Kitinda aligeukia dirisha. Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi, kisha akaacha.

"Nilijua," akasema. "Tangu ule usiku wa kwanza jikoni nilijua. Ningefanyaje? Ningemlea mtoto mwenye jina la mwingine, siku moja uamke umtake? Wewe una moyo, dada. Wewe unaweza kuvumilia. Mimi nisingeweza."

Bwana C, ambaye meza yake ilitazamana na ya Bi Kadi, alisimama akasema anakwenda kuleta chai. Kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Bi Kadi alibaki ameshika cheti mkono mmoja na kadi mkono mwingine. Alihisi kitu kikimpanda kifuani, si hasira, kwa maana hasira ina moto. Hiki kilikuwa baridi. Alikumbuka mto wa pamba, na jinsi walivyocheka wawili wao wakiushona, kila mmoja upande wake, yeye akidhani wanashona kitu kimoja.

"Ataambiwa mimi ni nani?"

"Kwa sasa tuseme unatusaidia nyumbani. Muuguzi mwenyewe ni rafiki wa wifi yangu, maneno yatafika kwa mama mkwe." Kisha, kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, "Nivumilie, dada. Hili la mwisho."

Angeweza kukataa. Alifungua mdomo ili akatae, na alichosikia akisema ni, "Siku gani?" Miaka minne hakuwa amemwona mtoto.

Ilikuwa Alhamisi. Asubuhi hiyo alipita kwa Mhariri Mkuu kuomba ruhusa na kumpa kitenzi. Alikuwa amezipanga kadi zote mia nne na kumi na mbili chini ya maana moja: beba, zaa, vumilia, zikifuatana bila mstari wa kuzitenga. Mhariri Mkuu alisoma akiwa amesimama.

"Tuzitenge mara tatu," akasema. "Hivi wasomaji watachanganyikiwa."

"Ni kitu kimoja."

"Kwa nani?"

Bi Kadi hakuwa na kadi ya kumwonyesha. Mhariri Mkuu alipiga mistari miwili ya wino mwekundu, akamtakia siku njema.

Zahanati ilikuwa ghorofa ya chini, vyumba vitatu na korido yenye viti vya chuma. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho, viatu vyake vizito vimening'inia, utepe mweupe kichwani. Paji la uso lilikuwa la mama aliyewazaa Bi Kadi na Kitinda, lile pana, lenye mshipa mmoja unaoonekana akifikiri.

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Kila mtu humwita mtoto hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeinua kichwa.

Ndani, muuguzi alifunga dirisha, akazima feni, akamvua mtoto viatu huku mkono mmoja ukiwa juu ya kichwa chake, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke. Akamsimamisha kwenye mizani. Mshale haukutikisika. Sifuri.

"Haya, mama. Mshike."

Bi Kadi alimshika mkono. Kilo zilimtoka kupitia bega, kiwiko, kiganja, taratibu, kama maji yanayotafuta njia. Mshale ukapanda: tano, kumi na moja, kumi na saba. Ukatulia kwenye ishirini na moja. Bi Kadi alijihisi mtupu kiasi kwamba alikaza vidole asije akanyanyuka yeye.

Mtoto alitazama miguu yake. "Mama," akamwambia Kitinda, "nimefika chini."

"Vizuri, mpenzi. Simama hivyohivyo."

Muuguzi alivuta fomu. "Na wewe ni nani wake?"

"Anatusaidia nyumbani," Kitinda akadakia.

"Mimi ndiye niliyemzaa," Bi Kadi akasema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida. Lilikuwa limekaa kinywani miaka sita na miezi, na lilipotoka halikuvunja kitu. Muuguzi aliendelea kuandika.

"Najua, mizani imeshasema. Ila fomu inauliza jina la mama kama lilivyo kwenye cheti."

"Cheti kina uongo."

"Mambo ya vyeti yanapelekwa mahakamani, dada yangu. Ukifungua kesi leo, shule itamsubirisha mtoto mpaka iishe. Miaka miwili, mitatu. Mimi hapa nina mizani tu."

Mtoto alikuwa ameinua uso kwa Kitinda, mshipa wa paji umesimama. "Mama, anasemaje?"

Kitinda hakumtazama dada yake. Alimtengenezea mtoto utepe uliokuwa hauna kasoro.

"Anatania," akasema.

Basi mtoto akacheka. Alicheka kile kicheko cha heshima ambacho watoto huwapa wakubwa wanaotania vibaya, na Bi Kadi alikisikia kikipita kwenye kiganja, kifupi, chenye joto, pamoja na kilo zote ishirini na moja.

Kitinda alitia sahihi kwenye mstari wa mama. Muuguzi akagonga muhuri. "Mwachie sasa."

Bi Kadi alifungua kidole kimoja, kisha cha pili. Alipofika kwenye kidole gumba uzito wote ukamrudia kwa mara moja na magoti yakalia. Kitinda alikuwa ameshapiga magoti, anamvisha mtoto viatu vya chuma haraka haraka kabla hajaelea. Walitoka. Mlangoni Kitinda aligeuka nusu.

"Asante. Wanapima kila muhula. Tutakupigia."

Hakusema dada. Mtoto alipunga mkono, jinsi mtu anavyompungia mtu wa duka, na hatua zao zikasikika koridoni: za viatu vizuri, nyepesi, na za chuma, ko, ko, ko.

Bi Kadi alikaa kwenye kiti cha mgonjwa kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Muuguzi hakumwambia ainuke. Alifungua dirisha, akawasha feni, akaosha mikono.

"Kuna bibi mmoja anakuja hapa," akasema, akijifuta. "Mtoto wake ni mwanamume mzima sasa, ana miaka arobaini na miwili. Anapimwa kila mwaka kwa ajili ya kazi. Kilo tisini na moja."

"Bibi anatembeaje?"

"Polepole. Lakini hajawahi kukosa."

"Huyo mwanamume anamjua?"

"Anamwita Bibi wa Mizani. Ana adabu, humletea kiti." Muuguzi alichukua kitabu cha miadi, akatafuta ukurasa wa muhula ujao. "Nikuandikie asubuhi au mchana?"

"Asubuhi." Bi Kadi alitazama ile mizani, chuma chake cheupe kimebanduka rangi kwenye pembe. "Mshale wake unachukua muda gani kutulia?"

Muuguzi naye aliutazama mshale, kisha akamtazama Bi Kadi.

"Ni wa zamani," akasema. "Mimi nikisema haujatulia, unaweza kufika hata dakika kumi."

"Dakika kumi si haba," Bi Kadi akasema.

Muuguzi akaandika.